Maji Yaliyoitwa Darajani

Maji ya kupanda si maji ya kushuka. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia Malugu maneno hayo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Timu ya Malugu imeshinda kila mechi kwenye uwanja wa hapa, mbele ya mama zao na dada zao, na sasa haoni sababu ya kufanya mazoezi kabla ya kwenda kucheza ugenini. Sitamsema Malugu, ana masikio yake. Ila methali yenyewe nitawaeleza, maana wengi wanaitaja ovyo bila kujua kwamba ilizaliwa juu ya garimoshi, mbele ya mtu aliyekuwa akitetemeka. Ilianza hivi.

Zamani za injini za mvuke, kulikuwa na njia ya reli iliyotoka mbugani ikaupanda Mlima Itandula, ikavuka kilele na kuteremka upande wa pili kwa mteremko mkali zaidi. Injini zilikuwa za kuni. Dereva alishika mvuke na breki, na kando yake alisimama mtia kuni, aliyelisha tanuri na kuangalia maji ya boila. Mtia kuni wa hadithi hii aliitwa Lutonja, mtu mzima mwenye mke na watoto, mikono yake imejaa makovu ya cheche. Dereva wake alikuwa Mwaluko, Mgogo mrefu asiyependa maneno mengi.

Abiria waliona moshi ukitoka, wakadhani kazi ya mtia kuni ni kuchochea tu, kama mtu anayepika makande. Laiti ingekuwa hivyo! Mtia kuni alikuwa na mabwana wawili. Wa kwanza ni mshale wa saa ya mvuke: ukisimama juu, injini ina nguvu, ukilala, garimoshi linakwama. Wa pili ni kioo, bomba jembamba la kioo lililosimama mbele yake na kuonyesha maji yaliyomo ndani ya boila. Na mabwana hao hawakupatana hata kidogo. Ukitia maji ya baridi ili kumridhisha bwana kioo, mvuke unapoa na mshale unashuka. Ukiyazuia maji ili mshale usimame, kioo kinakauka. Kioo kikikauka, paa la tanuri, lile bati lililo kati ya moto na maji, linabaki tupu, linaiva, linalainika, na mvuke unalipasua. Boila ikipasuka hivyo, hakuna anayebaki pale juu wa kueleza kosa lilikuwa la nani.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Tanuri liko sehemu ya nyuma ya injini, na kioo kiko hukohuko nyuma. Chukua sufuria yenye maji kidogo, uiinamishe upande wako: maji yote yanakuja kwako, utadhani imejaa. Iinamishe upande wa pili, unaona chuma kitupu. Injini ikipanda mlima, maji hurudi nyuma, yakalifunika tanuri na kupanda kiooni. Ikivuka kilele na kuinamisha pua, maji hukimbilia mbele, na tanuri huachwa na kile kidogo kilichopo kweli.

Ndiyo maana watu wa njia ile walikuwa na desturi yao. Katikati ya mlima palikuwa na daraja, na juu ya daraja reli ilikuwa sawa kama meza. Pale tu ndipo kioo kilisema kweli. Garimoshi likifika darajani, mtia kuni aliweka vidole kwenye kioo, akapima, akapaza sauti: "Maji! Vidole vitatu!" au vinne, kama alivyoona. Dereva hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye reli, naye alijibu tu, "Nimesikia," na kwa neno hilo la mwenzake aliamua kuvuka kilele au kusimama kabla yake ili maji yatiwe. Vitatu na zaidi, vuka. Chini ya hapo, simama. Hakuna dereva aliyegeuka kuhakikisha. Kugeuka kulikuwa ni kumwambia mwenzako kuwa ni mwongo.

Kulikuwa na desturi nyingine, ya utani, nayo iliuma kuliko kazi yenyewe. Mtia kuni akikwamisha garimoshi mlimani, wenzake walimwekea mafiga matatu mlangoni pake, maana yake: kajifunze kwanza kuchemsha maji nyumbani. Lutonja alikwisha kuwekewa mwanzoni mwa masika yale. Mkewe aliyatazama yale mawe, akasema ni mazuri kuliko aliyonayo, akayapikia. Kambi nzima ya reli ilicheka. Lutonja hakucheka. Tangu siku hiyo akaupenda mshale kuliko kioo, na mapenzi hayo nusura yawaue watu.

Siku yenyewe mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na kuni walizopakia bondeni zilikuwa zimelowa chepechepe. Behewa la kwanza nyuma ya injini lilijaa msafara wa harusi. Walikuwa wanampeleka bibi harusi, Nyamizi, stesheni ya Itandula, ng'ambo kidogo ya kilele, ambako watu wa mume walikuwa wakimngoja. Aliyeongoza msafara ni shangazi yake, Kalunde, mwanamke ambaye akiita kuku, hata kuku wa jirani walikuja. Walianza kuimba kabla gari halijaondoka, na Lutonja aliwasikia vizuri kabisa kila alipoinama kuchukua gogo.

Walipoanza kupanda, kuni zile zilizolowa zikaanza ukaidi wake. Zilifuka, zililia, zilitoa povu pembeni, kila kitu isipokuwa moto. Lutonja alichokoa, akapanga upya, akachagua magogo ya chini ambayo mvua haikuyafikia. Mshale ulisimama kidogo, kisha ukaanza kulala polepole. Alipaswa kutia maji. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye pampu, ukarudi. Akitia maji sasa, mshale utalala kabisa, gari litakwama, na wote wale wanaoimba watateremka kuchungulia. Akakitazama kioo. Kioo kilionyesha nusu. Nusu si haba, akajiambia. Nitatia nikipata moto.

Moto hakuupata. Kona baada ya kona alijiambia hivyohivyo, na kila alipokitazama kioo kilimtuliza, maana mlima uliyarudisha maji nyuma na kumwonyesha nusu yake. Kijasho chembamba kilimtoka chini ya lile jasho jingi la joto. Ndani ya moyo alijua. Mtu wa kazi hujua hata pale anapojinyima kujua.

Wakafika darajani. Injini ikakaa sawa, na Lutonja akaona maji yakishuka ndani ya kioo, yakashuka, yakashuka, mpaka akadhani hayatasimama. Yalisimama karibu na shaba ya chini, pale kioo kilipoanzia. Akaweka vidole. Kilienea kidole kimoja tu.

Mwaluko alikuwa ametoa kichwa nje, anatazama reli zilizolowa. Alingoja kuitiwa maji. Lutonja akafungua kinywa aseme kimoja. Moyoni akayaona mafiga mlangoni pake, akamwona mkewe akiyapanga, akawasikia wenzake wakicheka.

"Maji!" akapaza sauti. "Vidole vinne!"

"Nimesikia," akajibu Mwaluko.

Ilikuwa imekwisha. Daraja likapita, mlima ukaanza tena, na maji yakarejea kiooni yakasimama nusu, yametulia kana kwamba hayakuwahi kwenda popote. Hilo ndilo lililomtisha Lutonja kuliko yote. Lau kioo kingebaki kitupu, angepiga kelele. Lakini kilikuwa kimejaa nusu, kizuri, na yeye peke yake chini ya mbingu ndiye aliyejua kwamba nusu ile haipo.

Akajaribu kulisahihisha kosa kimyakimya. Alifungua pampu kidogo. Mshale ulianguka hapohapo.

"Funga hayo maji!" Mwaluko akasema bila kugeuka. "Una vinne, unaogopa nini? Tuvuke kwanza."

Akafunga. Sasa alitupa magogo bila kuchagua, hata gogo moja likamwangukia mguuni asilisikie. Alijaribu kuhesabu yale yaliyokwisha kuchemka tangu darajani. Kilikuwa kidole kimoja pale; sasa ni nini? Nyuma yake wanawake walikuwa wamebadili wimbo, wanamtaja Nyamizi kwa jina na kumwambia asilie, kwa mume si kaburini. Lutonja alilisikia neno kaburi, akainua macho kutazama mbele.

Kilele kilikuwa kimebaki kona moja. Kutoka pale mtu aliweza kuona mti wa ishara uliosimama juu kabisa, rangi yake nyekundu na nyeupe ikionekana kwenye mvua. Ukiupita huo, pua ya injini inainama.

"Dereva," akasema Lutonja.

"Kuni, bwana. Leta kuni."

"Dereva, simamisha."

"Nisimamishe nini? Tumefika."

"Nilikudanganya darajani." Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtoto. "Havikuwa vinne. Kilikuwa kidole kimoja."

Mwaluko aliingiza kichwa ndani. Alikitazama kioo, kikamwonyesha nusu. Akamtazama Lutonja usoni. Hakuuliza tena. Alifunga mvuke, akakaza breki, na garimoshi likalalamika urefu wake wote, likasimama. Mti wa ishara ulikuwa mbele yao, karibu kiasi cha mtu kuulenga kwa jiwe akaupiga.

Wimbo ulikatika. Gadi, msimamizi wa mabehewa, akaja mbio kando ya njia, mwavuli mkononi. Mwaluko akamwinamia.

"Weka mawe nyuma ya magurudumu. Kisha shusha watu wote. Watembee mpaka stesheni, wapite mbali na injini."

"Kwenye mvua hii? Kuna bibi harusi!"

"Hasa bibi harusi."

Maji yalikuwa bado nyuma, juu ya tanuri, kwa kuwa walikuwa bado kwenye mpando. Kwa muda walikuwa salama. Lakini iliwabidi watie maji pale pale, na hapo pakatokea hofu mpya. Pampu ile haikuwa na nguvu yake yenyewe; ilisukumwa na mvuke uleule wa boila, na mvuke ulikuwa umepungua. Mvuke ukizidi kudhoofu, pampu inashindwa kuingiza maji, inayatema nje. Na bila maji hawana pa kwenda, mbele wala nyuma.

Lutonja akafungua. Pampu ikakohoa, ikatema maji njiani. Akafunga, akafungua tena. Ikatema. Mshale ulikuwa umelala chini kuliko alivyowahi kuuona.

"Taratibu," akasema Mwaluko. "Usiilazimishe."

Mara ya tatu ilikohoa, ikanyamaza, kisha ikaanza kuimba ile sauti nyembamba ya maji yanayoingia. Lutonja alishikilia ule mkono wa pampu kama aliyeshika mtoto juu ya kisima. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Wakati huo ndipo Shangazi Kalunde alipotokea chini ya injini, khanga ya kichwani imemganda kwa mvua, na nyuma yake Nyamizi akitembea kwenye tope jekundu, nguo ya harusi ameikusanya mpaka magotini. Watu walikuwa wameambiwa wapite mbali. Kalunde hakuwa watu.

"Nyie wanaume!" akasema. "Mnamchemshia nani chai hapo? Mwanangu anangojewa, nyie mmekaa mnaota moto! Wazee wa mume watasema tumewaletea bibi harusi au mlima wa matope?"

"Pita, shangazi," akasema Mwaluko. "Tafadhali sana, pita."

"Nitapita! Na nitasema! Hata huyo anayelia nitamsema!"

Akapita, akisema njia nzima. Msafara ukamfuata, mabegi vichwani, magodoro yamefunikwa kwa majani ya mgomba, na kila aliyepita alikuwa na neno lake kwa watu wa reli. Lutonja aliwatazama mpaka wa mwisho akapotea nyuma ya kilele. Hapo ndipo alipovuta pumzi.

Walikaa pale mpaka mvua ikapungua. Walitia maji kidogo, wakangoja moto, wakatia tena. Kioo kilipanda kutoka nusu, kikapita nusu, kikakaribia shaba ya juu. Mshale nao ukaanza kuinuka. Mwaluko alitaja kuni na maji tu, na Lutonja alitamani atukanwe yaishe.

Hatimaye Mwaluko akafungua mvuke. "Tunavuka," akasema. "Mimi na wewe tu. Kaa mbele ya kioo."

Mabehewa matupu yakafuata. Mti wa ishara ukapita. Pua ya injini ikainama, na Lutonja akaona maji yale yote, yale yaliyofika karibu na shaba ya juu, yakiporomoka. Yakapita robo tatu. Yakapita nusu. Yakapita robo. Yaliposimama, akaweka vidole vyake, vikamtetemeka kwenye kioo.

"Ita maji," akasema Mwaluko.

"Vidole viwili."

Mwaluko akageuka kutazama. Hakuna dereva aliyewahi kugeuka akiisha kuitiwa maji, nawaambia, na Lutonja alijua maana yake. Ilimchoma kuliko mafiga ya kambi nzima. Lakini Mwaluko alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa akikitazama kile kioo, na uso wake mrefu ulikuwa umebadilika rangi. Saa nzima na zaidi walikuwa wametia maji, na yote waliyotia yalikuwa ndiyo hivyo vidole viwili. Kama wangevuka na ile nusu nzuri ya mpandoni, tanuri lingekutana na mteremko likiwa kavu.

"Maji ya kupanda," akasema Mwaluko polepole, kama anayejifunza kuhesabu, "si maji ya kushuka." Kisha akakaza breki kidogo.

Stesheni ya Itandula walipokelewa kwa matusi. Abiria walikuwa wamelowa, watoto wanapiga chafya, godoro la harusi limenyonya maji kama sifongo. Mmoja alisema watu wa reli ni wavivu. Mwingine alisema wamelewa. Lutonja aliteremka, akasimama katikati yao na kutukanwa. Aliwatazama midomo, akamtazama huyu na huyu, na kwa mara ya kwanza tangu bondeni akacheka, kicheko cha ajabu chenye kwikwi, kwa sababu kila tusi lilitoka kwa mtu mzima mwenye mikono yake na miguu yake.

Kicheko hicho kilimkasirisha Kalunde. Akamwacha yeye, akamwendea Mwaluko. "Baba, wewe ni mtu mzima. Niambie, kwa nini mlitushusha?"

Mwaluko alikuwa amechoka. "Shangazi, maji ya kupanda si maji ya kushuka."

"Unanifumbia mafumbo?"

"Mwulize yeye."

Kalunde akageuka. "Haya wewe unayelia na kucheka. Tusingeshuka, ingekuwaje?"

Lutonja akaacha kucheka. "Shikamoo, mama," akasema, maana hakuwa amemwamkia. "Kule mlimani kioo kilionyesha maji mengi. Hayakuwapo. Yaliegemea upande wetu tu kwa sababu tulikuwa tunapanda. Mimi nilijua, nikaficha, kwa kuogopa kuchekwa. Mngebaki ndani tukavuka, mama, watu wa mume wangekuwa sasa hivi wanawaokota porini."

Alisema hivyo mbele ya wote, gadi anasikia, msimamizi wa stesheni anasikia. Alijua kwamba kwa maneno hayo anarudi kuzoa majivu ya injini, kazi ya wanaoanza, na kweli alirudi, akayazoa mpaka masika ya pili. Kalunde alimtafuta Nyamizi kwa macho. Kisha aliketi juu ya begi lake lililolowa, mkono uko kifuani.

Upande wa pili wa stesheni ngoma zikaanza. Watu wa mume walikuwa wamefika na kitambaa kipya cha kumfunika bibi harusi, wakampangusa tope miguuni kwa mikono yao, wakamwinua juu. Walimwita malkia, walimwita mvua ya baraka, mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nyamizi alicheka, kichwa ameinamisha, uso unang'aa. Shangazi Kalunde akainuka. Akawapenya wale watu mpaka akamfikia mwanawe, akamvuta sikio karibu na mdomo wake.

Walidhani anamwaga machozi ya kuagana, na kweli alikuwa analia. Lakini waliokuwa karibu walisikia alichomwambia, na ndio waliotuletea sisi methali hii. "Mwanangu," alisema, "leo wamekubeba. Furahi. Ila ukishushwa chini, wakikuachia jembe na kuondoka zao, ndipo uweke vidole upime umebaki na nini. Maji ya kupanda si maji ya kushuka."